Mzee Kipimo na Miguu ya Cherehani

Anayedhani kazi ya kupokea maziwa ni kushika dumu na kulimimina hakuwahi kumwona marehemu akiwa kazini. Saa kumi na mbili asubuhi, jua halijapata nguvu, alikuwa amekwisha kufungua lango la kituo, amefagia sakafu ya saruji, ameosha tangi la kupoozea kwa maji moto, na amesali sala yake fupi akiwa amesimama, kofia mkononi. Kisha hujifunga aproni nyeupe, akachomeka kalamu nyuma ya sikio na kusema, "Haya, wa kwanza." Hapo foleni ya wafugaji hunyamaza kama darasa lililoingiliwa na mkaguzi.

Wafugaji walimwita marehemu huyo Mzee Kipimo. Jina alilopewa na wazazi walilijua jamaa zake na karani wa mishahara, basi. Kwanza alinusa. Halafu alijaza maziwa kwenye gilasi nyembamba ndefu na kutumbukiza kijiti cha kioo kinachoelea, akainama mpaka jicho likawa sawa na uso wa maziwa, aone kama ni mazito au yametiwa maji. Mwisho alichanganya tone la maziwa na spiriti kikombeni aone kama yanaganda. Yakifaulu yote matatu, anayamimina. Yakikwama hata moja, mwenyewe anarudi nayo nyumbani, awe shemeji, awe kiongozi wa dini.

Kulikuwa na mfugaji mmoja, mama mnene mwenye maneno mengi, foleni nzima ikimwita Redio. Siku moja kijiti kilizama kwenye maziwa yake kama jiwe.

"Hayo maji yameingia vipi, mzee, na mimi nimekamua kwa mikono yangu miwili?"

"Sijui. Labda ng'ombe wako kanyeshewa kwa ndani."

Foleni ikacheka. Redio akashika kiuno. "Unanidhalilisha mbele za watu, baba."

"Mimi sijasema neno. Kimesema kijiti. Gombana nacho."

Lakini foleni ilipoisha alimwita kando, akamwonyesha kwamba dumu lake lilikuwa na bonde chini, na maji ya kusuuzia yalibaki humo kila alipoliinamisha. "Si kila mwenye maji ni mwizi," alimwambia. "Ligeuze kifudifudi usiku kucha, likauke." Redio akaondoka akinung'unika, na kesho yake akaleta maziwa safi. Tangu siku hiyo hakukuwa na mtu aliyemtania Mzee Kipimo kumshinda yeye, wala aliyemheshimu kumshinda yeye.

Aliingia kituoni hapo akiwa kijana wa kuosha madebe, akatoka akiwa na mvi. Mkewe alifariki mwaka uleule mjukuu wao alipozaliwa. Mmoja akatoka, mmoja akaingia, naye akasema Mungu hakumwacha mikono mitupu. Alikuwa akiishi na binti yake, msusi mwenye chumba cha kusukia nywele upande wa barabarani wa nyumba hiyohiyo, na huyo mjukuu. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori la masafa, mtu mwema, lakini nyumbani alionekana kama mwezi mwandamo.

Mjukuu huyo ndiye aliyeitwa Cherehani. Jina alilipata akiwa na miaka minne, kwa sababu miguu yake haikujua kupumzika. Akila, inapiga chini ya meza. Akisukwa, inapiga, na mama yake anakosea mistari. Akilala ndiyo balaa: inasugua shuka, inapiga ukuta, inatafuta ubaridi upande wa pili wa godoro. "Babu," alikuwa akisema, "sisimizi wameingia tena ndani ya miguu." Basi kila jioni Mzee Kipimo alivuta kigoda, akakaa pembeni ya kitanda na kumkanda mtoto miundi kwa viganja vyake vipana, mpaka usingizi uje. Mara nyingi ulikuja umechelewa sana, na mara nyingi ulimkuta babu kwanza.

Mchana mtoto alikuwa kama aliyemwagiwa upupu. Alianza hesabu ya tatu kabla hajamaliza ya kwanza. Aliinuka kuchonga penseli, njiani akasahau penseli, akarudi na habari za mjusi aliyemwona dirishani. Ikifika saa nne amelala juu ya daftari, mdomo wazi. Alikuwa na miaka minane, darasa la pili, na kichwani hakuwa mjinga hata kidogo.

Mwanzoni mwa muhula wa pili mwalimu wake wa darasa, bwana mrefu mwenye sauti ya taratibu, alimwita babu shuleni. Hakumficha.

"Mzee, simwiti mtoto huyu mtukutu. Lakini akiendelea hivi, mwisho wa mwaka hapandi. Atabaki darasa la pili na wadogo zake, na mwaka jana alikaribia kubaki. Mtoto akibaki, wenzake humpa jina, na majina hayo hayatoki."

"Nina muda gani, mwalimu?"

"Mpaka mitihani ya mwisho. Mimi nitamvumilia. Nyinyi mtafutieni usingizi."

Babu alitembea kurudi nyumbani bila kumwamkia mtu, jambo ambalo watu wa mtaa walilizungumza siku mbili. Alimkumbuka mtoto mmoja aliyesoma naye zamani, aliyebaki darasa moja miaka mitatu mpaka wakamwita Dawati. Mtu yule alizeeka na jina hilo.

Msusi ana habari kuliko gazeti, maana kichwa kikiinamishwa mdomo hufunguka. Haikupita wiki, binti yake akaingia sebuleni na mfuko wenye chupa tatu. Ya kwanza ilikuwa na vidonge laini vya mafuta ya samaki. Ya pili, pipi za rangirangi zilizoandikwa kuwa zinaleta usingizi mwanana. Ya tatu ilikuwa kopo la unga, na juu yake picha ya mtoto mwenye miwani anayetabasamu huku amekumbatia kitabu.

"Mteja wangu mtoto wake alikuwa hivihivi, baba. Kanywa huu unga mwezi mmoja, sasa anaongoza darasa."

Mzee Kipimo akavaa miwani, akachukua kopo, akalitikisa karibu na sikio, akalifungua, akanusa. Akasoma maandishi pande zote kama mtu anayetafuta alipodondosha sindano.

"Unatibu usingizi," alisoma. "Unatibu umakini, hasira, kukojoa kitandani, na kukosa hamu ya kula. Sasa humu ndani kuna nini?"

"Si wameandika? Mimea na madini."

"Mimea gani? Madini kiasi gani? Maziwa nisiyojua yametoka kwa ng'ombe yupi huwa siyapokei, mwanangu. Huu nitaupokeaje tumboni mwa mtoto?"

"Wewe kila kitu unakipima tu. Mtoto si debe."

"Ndiyo maana nampima zaidi ya debe."

Binti akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye anayeletewa barua za shule, yeye ndiye anayesikia wateja wakiuliza kwa nini mtoto wake hatulii, na kwamba amechoka. Babu akavua miwani. Hasira ya binti angeiweza, lakini uchovu ulimlegeza. Wakapatana hivi: hakuna chupa itakayofunguliwa mpaka waende kliniki ya watoto hospitalini, na wakienda wataenda na mfuko wote, daktari azione chupa kwa macho yake.

Daktari alikuwa dada mdogo mwenye viatu vya raba na kalamu mbili mfukoni. Alizipanga chupa mezani. Hakucheka, wala hakukunja uso, na hilo lilimfurahisha mzee.

"Mafuta ya samaki hayana ubaya kwa kipimo hiki," alisema. "Kuna watoto yanawasaidia kidogo umakini, wengine hayawasaidii. Yakisaidia, yanachukua miezi. Msitegemee muujiza. Hizi zinazoitwa pipi si pipi. Zina homoni ya usingizi ndani. Kuna watoto tunawapa, lakini kwa kipimo chetu na kwa muda, si kwa kuokota dukani. Na huu unga," akaligeuza kopo, "siujui una nini, na walioutengeneza hawataki nijue. Uwekeni kando."

Mzee Kipimo akamtazama binti yake kwa pembe ya jicho. Binti akatazama dari.

Kisha daktari akamgeukia mtoto. "Miguu inafanyaje ukilala?"

"Ina sisimizi."

"Wanakuja saa ngapi?"

"Nikilala. Nikitembea wanakimbia."

Daktari aliandika hilo neno kwa neno. Akasema kuna watoto ambao miguu huwasumbua hivyo kwa sababu akiba ya madini ya chuma mwilini imepungua, na mtoto asiyelala vizuri hawezi kutulia darasani, hata awe malaika. Huenda Cherehani ana tatizo la umakini lake mwenyewe pia. Hilo watalitazama baadaye, lakini kwanza wapime damu. Mtoto alitoa damu bila kulia, akitaka kujua kama watamrudishia.

Majibu yalipotoka, akiba ya chuma ilikuwa chini kama kisima cha kiangazi. Daktari akaandika dawa ya maji ya madini ya chuma, kipimo kwa uzito wa mtoto, kila siku. Akaonya kwamba chupa ikae juu, imefungwa, maana mtoto akiinywa kwa wingi inaua. Akauliza anakula nini. Wakamtajia: ugali, wali, maharage, mboga, nyama siku mojamoja. Akauliza anakunywa nini. "Maji," akajibu babu, "na chai asubuhi."

"Chai muiondoe. Chai na kahawa vinazuia chuma kuingia. Tutampima damu tena baada ya wiki nane."

Mzee Kipimo alirudi nyumbani amenyooka mgongo. Hili alilielewa. Kuna kitu, kuna kipimo, kuna tarehe. Alinunua daftari, akachora mistari kwa rula, na kila jioni akampa mtoto dawa yake kwa kijiko cha kupimia, akaweka alama. Chai ilifukuzwa nyumbani siku hiyohiyo. Majani yaliyobaki alimpa Redio.

Sasa, katika nyumba ile maziwa hayakuhesabiwa kuwa kinywaji. Yalikuwa kama hewa. Mzee alirudi nayo kila mchana kwenye kibuyu chake cha bati, maziwa aliyoyachagua mwenyewe miongoni mwa yote ya siku hiyo, na mtoto aliyanywa asubuhi, akirudi shule, na akienda kulala. Mtu hataji hewa akiulizwa amekula nini. Na kwa kuwa chai imeondoka, babu akaona si haki mtoto aamke na tumbo tupu, akaongeza bilauri moja ya asubuhi. Tena dawa ile ilikuwa na ladha ya msumari, mtoto akikunja uso. Basi kila jioni, kijiko kikitoka tu mdomoni, bilauri ya maziwa ya uvuguvugu inafuata.

"Suuza mdomo, bibie."

"Nimalize yote?"

"Yote. Maziwa ndiyo yaliyomkuza mama yako."

Wiki nane zikaenda. Alama zilijaa daftari, zimenyooka kama askari wa gwaride. Miguu ikaendelea kupiga ukuta. Mwalimu akatuma barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, na fupi ndiyo iliyotisha. Jioni hiyo binti alilitoa kopo la unga kabatini, akaliweka mezani katikati yao.

"Nimekusikiliza, baba. Miezi miwili. Sasa nisikilize na mimi."

"Kesho kutwa tunarudi kwa daktari."

"Na akisema tungoje tena? Mitihani haingoji."

Mzee aliweka kiganja juu ya kifuniko cha kopo, wala si kwa ukali, akakiacha hapo. "Siku mbili tu, mama. Nipe siku mbili. Ikishindikana, sitakuzuia." Binti aliliacha kopo mahali pake na kwenda kufunga chumba cha kusukia. Siku zile mbili mzee alifunga na kuomba, na kazini alirudia kupima dumu moja mara tatu, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Kliniki, damu ilipopimwa, akiba ya chuma ilikuwa imepanda, lakini kwa kiasi ambacho hata sisimizi asingekiona. Daktari alitazama karatasi, akatazama daftari la alama, akatazama karatasi tena.

"Hakuna siku mliyoruka?"

"Hata moja," alisema mzee.

"Chai?"

"Hata harufu."

"Anatapika? Anaharisha?" Hapana. Daktari akamgeukia mtoto, aliyekuwa akijizungusha kwenye kiti cha kuzunguka mpaka mama yake akakishika. "Hebu niambie wewe. Babu anakupaje dawa?"

"Nafungua mdomo," alisema Cherehani, na kufungua mdomo kwa mfano. "Ananipa dawa, halafu maziwa. Asubuhi maziwa tena. Na maziwa mengine. Na nikitoka shule maziwa. Nikishiba sili."

Kalamu ya daktari ikasimama. "Maziwa kiasi gani kwa siku?"

Hapo Mzee Kipimo alijibu kwa fahari, maana hatimaye ameulizwa swali la fani yake. "Lita moja na nusu. Yamepimwa. Hayana tone la maji, dokta, nakuhakikishia mimi mwenyewe."

Msusi alikwisha kuuona uso wa daktari, akamgusa baba yake mkono.

"Mzee," daktari alisema, "maziwa ni chakula kizuri. Lakini yakikutana na chuma tumboni yanakizuia kisiingie mwilini. Na mtoto akinywa lita moja na nusu anashiba, hali maharage wala nyama wala mboga, na humo ndimo chuma kilimo. Nilisema chai na kahawa. Maziwa sikuyauliza. Hilo ni kosa langu pia."

Mzee aliangalia viganja vyake. "Watu wameniletea maziwa yenye maji miaka yote hii nikayaona," alisimulia baadaye, "na maji niliyoyatia mwenyewe sikuyaona."

"Kwa hiyo ni mimi," alimwambia daktari.

"Ni maziwa, mzee."

"Maziwa hayatembei yenyewe, dokta."

Cherehani akamwinamia babu yake chini ya ukingo wa kofia, aone kama analia. Hakuwa akilia. "Babu, kwani maziwa ni mabaya?"

"Si mabaya, bibie. Mbaya ni saa niliyokupa. Nisamehe."

"Sawa," alisema mtoto. "Mimi hata siyapendi sana."

Binti yake ndiye aliyeangua kicheko kwanza, kicheko cha mtu aliyebeba mzigo kichwani tangu alfajiri akauona mlango wa kwake. Daktari akafuatia. Mzee Kipimo alijaribu kukaza uso, kicheko kikamponyoka.

Mpango mpya uliandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Dawa asubuhi, kabla ya kula, na juu yake maji ya chungwa lililokamuliwa. Maziwa kikombe kimoja tu, alasiri, mbali na dawa. Maharage, mboga na nyama kwanza, halafu mengine. Mafuta ya samaki waliruhusiwa kumpa. Kopo la unga binti alilitupa mwenyewe bila kuambiwa, na alipomwona yule mteja wake alimwambia aende akapimishe damu ya mwanawe.

Habari haikukaa ndani. Kesho yake foleni ilikuwa na kicheko cha chini chini, na Redio, ambaye hakuumbwa na kifuniko, alilifikisha dumu lake mbele na kuuliza kwa upole wa uongo:

"Eti ni kweli, mzee? Mpokeaji wa maziwa kampiga marufuku mjukuu wake maziwa?"

"Nimempunguzia."

"Mganga hajigangi, jamani."

"Hajigangi," alikubali mzee, akiinama kusoma kijiti. "Ndiyo maana kuna waganga wengi. Haya, maziwa yako mazuri leo. Mimina."

Redio alikuwa amejiandaa kwa vita, akakuta hakuna adui. Akamimina. Kisha akasema, bila utani safari hii, kwamba ana mchungwa nyuma ya zizi, na kwamba mtoto asinunuliwe machungwa dukani wakati yeye yupo. Tangu siku hiyo kila asubuhi dumu lake lilifuatana na kifurushi.

Wiki tatu za kwanza hazikuonyesha kitu. Ya nne, mama mtu alisema ukuta umenyamaza, wakadhani ni bahati. Ya sita, mtoto alisema sisimizi wamebaki wachache, wa mguu wa kushoto tu. Mzee aliandika hilo. Alikuwa anaogopa kufurahi, kama mtu anayebeba mayai kwenye kofia.

Halafu ikaja asubuhi moja ambayo wafugaji waliizungumza kuliko mvua. Saa kumi na mbili lango lilikuwa limefungwa. Saa kumi na mbili na nusu limefungwa. Wengine walisema mzee kafa, wengine wakawakataza kusema. Redio akaacha dumu lake kivulini, akavuka barabara hadi nyumbani kwa mzee na kugonga dirisha kwa ufunguo.

"Mzee! Uko hai?"

Mzee Kipimo aliamka ameketi kwenye kigoda, kichwa kimeegemea ubao wa kitanda, kofia imeanguka. Viganja vyake vilikuwa bado kwenye miundi ya mtoto, na miundi ile ilikuwa imetulia kimya. Cherehani alikuwa amelala chali, mikono imetupwa huku na huku. Alikuwa amelala vile tangu kigoda kilipovutwa jana jioni. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na kitu cha kumwamsha mtoto, wala mtoto wa kumwamsha babu.

"Niko hai," alijibu kwa kunong'ona. "Punguza sauti, Redio. Amelala."

"Na maziwa yetu yanalala?"

"Yaambie yanisubiri dakika kumi."

Alifungua lango akiwa amevaa aproni ndani nje. Kwenye kitabu cha kituo, mahali pa saa ya kufungua, aliandika saa ya kweli, na kwenye nafasi ya sababu akaandika: "Nililala." Msimamizi alipoikuta mwisho wa mwezi alimuuliza kama hakutaka kuweka sababu nzuri zaidi. Mzee akasema hakuna nzuri kuliko hiyo.

Si kwamba mtoto aligeuka kuwa mwingine. Aliendelea kusahau penseli na kukumbuka mijusi. Daktari alisema umakini wake una safari yake yenyewe, na watamfuatilia taratibu, pengine miaka. Lakini sasa saa nne ilimkuta macho wazi, na mwalimu alipomhamishia dawati la nyuma, ambako angeweza kuandika akiwa amesimama bila kumziba mtu, hesabu ya kwanza ilianza kumalizika kabla ya ya tatu.

Siku ya kufunga shule babu alikwenda mwenyewe, ameikanda kofia yake mpaka ukingo ukapinda. Walikaa watatu kwenye vidawati vya watoto, magoti ya mwalimu yakigusa kidevu. Mwalimu hakuzunguka mbuyu.

"Anapanda."

Mzee Kipimo aliomba kuiona karatasi. Aliisoma alama moja baada ya nyingine, akarudi juu akaanza upya. Hazikuwa alama za kupigiwa vigelegele. Somo moja lilipita kwa kuchungulia tu. Chini mwalimu alikuwa ameandika: "Amejitahidi. Anaongea sana."

"Hilo la mwisho hakuna dawa yake?" aliuliza mzee.

"Kama ipo, mzee, tuanze na walimu."

Cherehani alikuwa na swali lake. "Nikipanda, huko juu nitakaa au nitasimama?"

"Nimekwisha kusema na mwalimu wako mpya," alisema mwalimu. "Utasimama. Ukichoka, utakaa."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mtoto alitangulia, akarudi, akatangulia tena, akaitembea njia ile mara tatu wakati babu yake anaitembea mara moja, na kila aliyekutana naye alimpa habari. Mzee hakumwita atulie. Aliwaamkia watu wote, hata wa upande wa pili wa barabara. Msusi alipoiona karatasi aliiweka kwenye ukingo wa kioo chake cha kazi, mahali ambapo kila kichwa kitakachosukwa kitalazimika kuitazama.

Jioni hiyo babu hakuvuta kigoda. Alipiga magoti kando ya kitanda, na mtoto akiwa amekwisha kujifunika wakashukuru pamoja. Alimshukuru Mungu kwa daktari na kwa mwalimu, kwa mama wa mtoto na uvumilivu wake, kwa baba yake aliye njiani, kwa Redio na mti wake. Alimshukuru kwa kumwonyesha kosa lake kungali na nafasi ya kulirekebisha, neema ambayo si wote wanaoipata. Alikuwa mtu wa sala fupi, lakini ile ilirefuka. Alipofika mwisho alingoja ile sauti nyingine ijibu, kama ilivyo desturi yao. Haikuja. Alifumbua jicho moja. Mtoto alikuwa amekwisha kulala, zamani, pengine tangu sala ilipofika kwa mwalimu.

Basi akaitikia amina kwa ajili ya wote wawili, akazima taa.